Siku Ami Lali Alipotupeleka Hotelini

Nikimwona mtoto anainusa sahani kabla hajaigusa, simkemei. Wiki iliyopita tulikwenda kula nje, mimi, binti yangu na mjukuu wangu wa miaka sita, na mjukuu akakitazama kipande cha kuku kana kwamba kimekuja kumkamata. Mama yake akaona haya mbele ya mhudumu. Akanigeukia na kuniuliza, "Mama, huyu kamrithi nani?" Nikaendelea kumenya chungwa langu. Sikutaka kumwambia pale pale kwamba kanirithi mimi, na kwamba mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye mara kumi.

Sisi ni watu wa kisiwa cha Chula, ila mimi nimekulia Kismayu, katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Majengo. Baba alikuwa fundi wa mashua. Watu walitoka visiwa vya Kudha na Koyama kuja kumwagizia, na walimsubiri hata akiwaambia kazi ni nyingi. Nilikuwa mtoto pekee, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, nami nilikula vitu vitatu tu katika dunia hii: wali mweupe, samaki changu na chai kavu.

Hata hivyo vitatu vilikuwa na masharti. Mchuzi usiguse wali mpaka niukague. Changu awe mnofu wa mgongoni, ametolewa ngozi, ametolewa miiba, kisha mimi mwenyewe nimpapase tena kwa vidole, maana sikumwamini mtu. Na lazima awe amepikwa na mama. Siku moja shangazi yangu alipika katika chungu cha mama, kwa tui alilokamua mama, na mama akasimama kando akiapa kwamba kapika yeye. Nilionja nikatema. Mama alikuwa na namna yake: alikiunguza kitunguu thomu juu ya makaa pamoja na maganda, mpaka kikawa cheusi, ndipo akakimenya na kukiponda, akakitia katika tui pamoja na embe bichi aliloanika darini likakauka. Sijapata kumwona mpishi mwingine akifanya hivyo.

Watu hudhani mtoto wa namna hii ana madeko. Mimi sikuwa na madeko, nilikuwa na shaka. Niliona kila chungu kilichofunikwa kina jambo linalofichwa ndani, na kila mtu mzima aliyesema "onja tu kidogo" nilimhesabu mwongo mpaka athibitishe vinginevyo.

Baba alipomaliza mashua kubwa alipenda kututoa tukale hotelini, na mara mbili alijaribu. Mara ya kwanza wakaniletea baasto, zile tambi ndefu walizotuachia Wataliano, zinang'aa kwa mafuta, na ndizi mbivu ubavuni. Nikazitazama kwa muda mrefu. Nikasema kwa sauti, "Baba, hawa bado wanatembea." Meza ya pili mtu mmoja akaweka kijiko chini, hakula tena. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mara ya pili, hoteli nyingine, nilimuuliza mwenye hoteli mbuzi wake alikufa kwa ugonjwa gani, na safari ile baba hakucheka. Mama alinifunika mdomo kwa ncha ya leso, tukatoka chakula hakijafika nusu. Hatukwenda tena.

Halafu tezo, lile shoka dogo la kuchongea mbao, likamponyoka baba. Lilimpata kiganja cha kulia, na kidonda kilipopona vidole viwili vilibaki vimejikunja. Hakuweza tena kushika chombo cha kazi kwa nguvu. Lakini kila asubuhi aliondoka kwenda pwani walikokuwa mafundi wenzake, na kila adhuhuri alirudi, akanawa, akakaa mkekani kama mtu aliyetoka kazini. Mimi nilimtazama miguuni na mabegani. Hapakuwa na vumbi la mbao. Nikajua kuna jambo, nikalinyamazia.

Mara mama naye akaanza. Alisema Bi Mwanaisha, jamaa yetu aliyekaa upande wa pili wa soko, yuko mgonjwa, na yeye atakwenda kumhudumia asubuhi wakati baba yuko pwani na mimi niko chuoni nasoma Kurani. Alikuwa akirudi kabla yetu. Mimi nikiingia, namkuta kaosha uso, kavaa leso nyingine, anachochea moto. Lakini nywele haziwezi kubadilishwa kama leso. Nilipomkumbatia nilisikia harufu ya samli katika nywele zake, na mbuzi wa kuchemsha, na iliki. Nyumbani kwetu samli ilikuwa imekwisha siku nyingi, na mkebe wake mama aliutumia kuwekea vifungo.

Nikaanza kumpeleleza. Kwanza niligundua kwamba mama hali. Alipakua sahani ya baba, akapakua yangu, kisha akakaa nasi akitazama. Baba akimwambia ale, anajibu, "Nimeshiba." Kila siku nimeshiba. Mtu anashiba vipi na hajala?

Siku ya Alhamisi, chuo kikiwa kimefungwa, nilijifanya nakwenda kucheza, nikafika mpaka kwa Bi Mwanaisha. Nilimkuta anafagia ua, ufagio unakwenda kwa nguvu, anaimba.

"Bibi, umepoa?" nikamuuliza.

"Nimepoa nini, mwanangu?"

"Mama hayuko hapa?"

"Mama yako? Sijamwona tangu Idi. Mwambie nimemnunia."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Kila kitu kilikuwa wazi sasa. Mama alikuwa na mahali pake anapokwenda kula. Kuna watu wenye samli na mbuzi na iliki, na mama huenda kwao kila siku akala akashiba, akanawa, akarudi kutupikia sisi wali mtupu na samaki mdogo. Na lililoniuma zaidi ni kwamba hakutaka kunipeleka, kwa sababu mimi nilimuaibisha mara mbili hotelini. Sikumwambia baba. Nilianza kuhesabu kila "nimeshiba" ya mama, nikawa namtazama kwa pembe ya jicho hata akinisuka nywele.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Ami Lali. Alikuwa kaka yake baba, mtu mkubwa wa Chula, mwenye sauti ya kumwamsha jirani, naye alikuja na kikapu cha ng'onda, samaki wakavu wenye harufu iliyonifanya nikimbilie uani. Nilimbusu mkono, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Mbona mchu huyu ni mifupa mitupu?" akasema, maana watu wa Chula mtu humwita mchu.

Jioni ile, baada ya magharibi, mama akiwa jikoni, nilisimama nyuma ya pazia nikawasikia.

"Mtoto nitaondoka naye," Ami Lali alisema. "Akae kwangu mpaka mambo yenu yatengenee. Kwa mke wangu atakula, apende asipende."

"Mambo yetu hayana kitu, kaka," baba akajibu. "Kazi ipo. Mkono unarudi."

"Nionyeshe mkono."

Sikuona kama baba alimwonyesha.

Tangu hapo nilikuwa na watu watatu wa kuwachunga: baba aliyekwenda kazini na hakuna kazi, mama aliyekula kwa siri, na Ami Lali aliyetaka kunichukua.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama alitoka asubuhi kama kawaida, akarudi kama kawaida. Wanaume walipotoka msikitini, Ami Lali akasimama mlangoni akasema, "Leo hakupikwi hapa. Leo mimi nawalisha. Nimeambiwa bandarini kuna mama mmoja wa Barawa, Bi Shamsa, ana hoteli, na mchuzi wake wa samaki siku hizi watu wanaupangia zamu."

Mama alikuwa anakunja mkeka. Akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena.

"Shemeji, huyu mtoto hali hotelini," akasema. "Atatuaibisha. Nendeni nyinyi, mimi nibaki naye."

"Tule hapa, kaka," baba naye akasema. Mkono wake wa kulia aliuficha ndani ya mkunjo wa kikoi. Nilijua hapendi watu wamwone akila kwa kijiko.

"Mna nini nyinyi?" Ami Lali akauliza. "Mchu anaalikwa chakula, anatafuta sababu?"

Tukaenda. Njiani nilimshika mama mkono, na mkono ule ulikuwa umelowa jasho. Nikasema moyoni: ndipo hapa. Ndipo anapokuja kula, na anaogopa watamtambua.

Hoteli ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, wanaume wamejaa, na nyuma palikuwa na sehemu ya watu wenye wake zao, imetengwa kwa pazia. Tuliketi. Mhudumu, mtu mzima aliyeitwa Abdi, akaingia na birika la maji ya kunawa. Alipofika kwa mama uso ukamfunguka. "Edo," akaanza, ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi, kisha akakata neno katikati, akamtazama baba, akamtazama Ami Lali, akamimina maji mpaka yakamwagika chini.

Sikubandua macho. Akaja Bi Shamsa mwenyewe, mwanamke mnene, mikono ina unga. Naye akamtazama mama, kisha upesi akatazama juu, darini. "Karibuni, wageni!" akasema. Neno lile *wageni* alilisema kwa nguvu mno. Mama aliivuta leso mpaka karibu na macho.

Ami Lali aliagiza kama mtu wa harusi. Akaletewa mbuzi, akaletewa wali, akaletewa bakuli la mchuzi wa samaki, na mimi nikaletewa baasto, kwa sababu alisema hakuna mtoto asiyependa baasto. Nikaisukuma. Akanipa mbuzi, nikafumba mdomo. Akanimenyea ndizi, nikamwambia ina doa.

"Mnaona?" Ami Lali akamwambia baba. "Hili ndilo nililokwambia jana."

Baba alikuwa ameshachota mchuzi. Alikishika kijiko kwa vile vidole vitatu vilivyobaki vizima, akakifikisha mdomoni, na hapo akasita. Alisita kidogo sana. Kisha akatafuna, akameza, akachota tena, uso ameuinamisha. Mimi nilidhani mkono unamuuma. Mama hakugusa chakula. Alikuwa anamtazama baba.

Baadaye mama akachukua kipande cha changu katika lile bakuli. Akakitoa ngozi, akakitoa miiba, akakiweka juu ya wali mweupe mbele yangu. Nikafikiri: anataka kuninyamazisha. Anajua nimemgundua. Nilikusudia kabisa kutokula. Niliinama ninuse tu, nipate sababu ya kukataa.

Harufu ikaniingia. Nikachukua mnofu kwa ncha za vidole, nikauweka ulimini.

Nilikula. Nilimaliza kipande kile, nikavuta kingine mwenyewe, nikachanganya mchuzi na wali, jambo nisilolifanya mahali popote ila nyumbani. Ami Lali aliacha kutafuna.

"Mashallah! Kumbe anakula!" akapaza sauti. "Basi shida si ya mtoto, shida ni ya jikoni. Shemeji, usinikasirikie, lakini nimekula mchuzi wako jana na nimekula huu leo. Ni mbingu na ardhi."

Jana yake mama alikuwa amepika mchuzi bila nazi, bila embe, kwa thomu kipande kimoja, kwa sababu hatukuwa na zaidi. Mimi hayo sikuyawaza. Nilichojua ni kwamba anamsingizia mama, na kwamba mimi peke yangu katika chumba kile nilikuwa na ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nilivyodhani. Furaha ilinijaa mpaka kooni.

"Ni ule ule!" nikapiga kelele. "Huu kapika mama! Mama haji hapa kula, anakuja kupika! Kila siku anakuja kupika!"

Upande wa pili wa pazia wanaume wakanyamaza. Abdi alisimama na bilauri mbili mkononi, hajui aziweke au arudi nazo. Niliona uso wa mama, na furaha yangu yote ikaisha.

Ami Lali akamgeukia baba. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo. "Mkeo apikia wachu hotelini?"

"Kaka, ongeza mchuzi," baba akasema. "Unapoa."

"Nimekuuliza, ndugu yangu."

Baba akaweka kijiko. Akautoa ule mkono wa kulia, akauweka juu ya meza palipo na mwanga, vidole vimejikunja mbele ya kila mtu.

"Mkono wangu umelala," akasema. "Nyumba yangu imekula kwa mkono wake. Kama pana aibu, basi ni yangu mimi niliyekwenda pwani kila siku kukaa na kutazama wenzangu. Yeye usimtie."

Mama alijifunika uso wote kwa leso, mabega yakawa yanatikisika. Bi Shamsa, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia bila kuitwa. "Bwana mgeni," akamwambia Ami Lali, "kabla ya mwanamke huyu mabenchi yangu yalikuwa yanakaliwa na nzi."

Ami Lali aliinamisha kichwa. Sikujua atasimama aondoke, au atanishika mkono anipeleke Chula siku ile ile. Kisha akalivuta bakuli kwake, akajimiminia mchuzi, akala.

Nyumbani nilingoja kupigwa. Mama hakunipiga. Alikaa kizingitini akanitazama, macho mekundu, akaniuliza, "Ulikuwa unanifuata?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia habari ya samli katika nywele, na Bi Mwanaisha na ufagio wake, na kwamba nilidhani anakula vizuri mahali bila sisi.

"Ulidhani ninakula?" akasema.

"Kila siku ulisema umeshiba."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilikuwa naonja tu, mwanangu. Mpishi huonja tangu alfajiri. Ukionja vyungu saba hushibi, ila njaa inachoka kukuita." Kisha akanivuta, akaniweka mapajani ingawa nilikuwa mkubwa. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini hakunipiga. Pengine alikuwa amechoka kubeba siri ile. Pengine alikuwa amechoka tu.

Ami Lali aliondoka siku ya tatu. Aliacha kikapu cha ng'onda, aliniacha na mimi. Mlangoni alimwambia mama, bila kumtazama, "Shemeji, lile neno langu la mchuzi unisamehe," na mama akasema kashasamehe, na nilimwona anazuia kicheko.

Asubuhi iliyofuata baba hakwenda pwani. Alijitwika gunia la makaa, akamwambia mama atangulie, akanishika mimi mkono, na tukapita katikati ya soko, mchana kweupe, sote watatu, mpaka hotelini kwa Bi Shamsa. Watu walitusalimu na baba akaitikia kila mmoja kwa jina lake. Mama alikwenda moja kwa moja jikoni. Baba akasimama ukumbini, akayatazama yale mabenchi, akalitikisa moja, likayumba.

"Nani aliyekutengenezea haya?" akamuuliza Bi Shamsa.

"Mtu aliyekwisha kufa, Mungu amrehemu."

"Amrehemu kweli," baba akasema. Akalipindua benchi miguu juu, akakaa chini sakafuni, akaomba nyundo. Nyundo aliishika kwa mkono wa kushoto, kwa shida, na msumari wa kwanza ukapinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu ukaingia.

Mimi nilichuchumaa karibu naye. Kutoka jikoni harufu ya thomu inayoungua ilianza kuja. Nilikuwa na swali lililonikaa tangu Ijumaa.

"Baba, siku ile ulijua? Kabla sijasema?"

"Nilijua kijiko cha kwanza."

Nilishangaa. Nilikuwa nimeamini kwamba ulimi kama wangu hakuna mwingine mwenye nao. "Basi mbona hukusema?"

Baba alichukua msumari mwingine, akauweka mdomoni, akautoa.

"Mama yako alikuwa ananitazama," akasema. "Alikuwa anataka kuona kama nitaendelea kula."

Akanionyesha mguu wa benchi, akaniambia niushike vizuri, usicheze.